Kugeuza friza kuukuu kuwa jokofu la kegi za bia ya nyumbani

Kabla ya jambo lolote, shika hili: usitoboe kuta za friza. Mimi ni fundi wa AC na friji hapa Houston, na friza nyingi nilizoitwa kuziangalia baada ya mwenyewe kujaribu kuzigeuza kuwa za kegi, yale mapipa ya chuma ya kutunzia na kumiminia bia, zilikuwa zimekufa kwa tundu moja tu la ubavuni. Kwenye friza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu, mabomba ya gesi hayaonekani nyuma kama kwenye friji za zamani. Yamezikwa ndani ya kuta: yanayopoza yamelala nyuma ya bati la ndani, na yanayotoa joto yamelala nyuma ya bati la nje. Keekee ikigusa mojawapo, utasikia gesi ikifyonya kwa muda mfupi, kisha friza imekwisha. Kama friza ni ya miaka ya karibuni, soma kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimeandikwa R600a, hiyo ni isobuteni, gesi inayowaka, na hapo hatari si ya friza peke yake.

Ukitaka kujionea, washa friza tupu, subiri robo saa, kisha pitisha kiganja polepole kwenye bati la nje kuanzia juu kwenda chini. Utauhisi mstari wa joto, halafu ubaridi, halafu mstari mwingine vidole vichache chini yake. Hayo ndiyo mabomba. Ukishayagusa kwa mkono wako hutahitaji kuonywa tena.

Ndiyo maana koki, waya na mipira yote ya kupitishia bia hupita kwenye fremu ya mbao inayokaa kati ya mwili wa friza na mfuniko wake. Friza yenyewe haiguswi. Fremu hiyo ndiyo kazi kubwa ya mikono, na yaliyobaki ni kuhakikisha ubaridi unakuwa uleule kuanzia chini ya kegi mpaka kwenye koki.

Ninaandika kwa wenzangu tulioko Marekani, tunaopika bia nyumbani na tumechoka kuosha chupa. Galoni 5 za bia ni chupa zaidi ya 50, na kila moja inataka kuoshwa, kujazwa na kuzibwa. Kegi ni chombo kimoja. Kisheria, kupika bia ya matumizi ya nyumbani kumeruhusiwa na sheria ya shirikisho iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter Oktoba 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Majimbo yalifuata kwa mwendo wake, na Mississippi na Alabama ndiyo yaliyofunga mkia mwaka 2013. Kuuza ni marufuku. Karibisha wageni, lakini usiwatoze hela.

Kununua friza ya mtumba

Friza ya futi za ujazo 7 inatosha familia nyingi. Huingia kegi 3, pengine 4, na mtungi wa gesi ukakaa juu ya kile kidato cha ndani ambacho chini yake kuna kompresa. Lakini usiamini namba ya dukani, maana umbo la ndani linatofautiana. Kegi ninazozisema ni zile za galoni 5 zilizokuwa zikibeba sharubati ya soda kabla viwanda havijahamia kwenye mifuko ndani ya maboksi. Ni nyembamba na ndefu, upana wake inchi 8 na nusu hadi 9. Kata maduara ya inchi 9 kwenye boksi gumu, nenda nayo kwa muuzaji, yapange kwenye sakafu ya friza. Yakipandana, kegi nazo hazitaingia.

Mwombe muuzaji aiache imezimwa mpaka ufike. Unataka kuisikia ikiwaka. Kompresa nzima huguna mara moja na kutulia. Ikiguna, ikakatika na mlio wa "tak", ikajaribu tena baada ya dakika kadhaa, iache. Ikiwaka vizuri, kaa hapo nusu saa, piga soga, kisha fungua uangalie kuta za ndani. Barafu nyembamba inatakiwa ianze kutanda kote. Ikitanda kipande kimoja tu huku kuta nyingine zina uvuguvugu, gesi imepungua, na kwa friza ya bei hiyo kuijaza upya hakulipi.

Mpira wa mfuniko upime kwa karatasi: ibane, uivute. Ikitoka bila kukaza, hapo hewa inapita. Hilo si la kukukatisha tamaa, mpira unaweza kubadilishwa, ila litumie kushusha bei. Kuisafirisha, isimamishe kama inavyokaa nyumbani. Ikilazimu kuilaza, iache wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Fremu ya mbao

Tumia mbao ya 2 kwa 8. Mbao ya Marekani ikiitwa 2 kwa 8 ina unene halisi wa inchi 1 na nusu na upana wa inchi 7 na robo, kwa hiyo pima mbao yenyewe, usipime jina lake. Upana huo unatosha kuweka koki na kuongeza kimo cha ndani. Pima ukingo wa juu wa friza kwa nje, pande zote nne, maana pande mbili zinazotazamana si lazima zilingane. Kata, paka gundi ya mbao, funga kwa skrubu ndefu, kisha pima ulalo wa kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, sukuma kona ndefu kabla gundi haijakauka.

Toboa matundu ya koki fremu ikiwa bado mezani. Tundu ni la inchi 7/8, kwa ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Toboa kutoka mbele mpaka ncha ya katikati itokeze nyuma, kisha geuza umalizie kutoka nyuma ili mbao isichanike. Acha inchi 4 kati ya koki na koki. Ukizibana sana mikono itagongana. Yashushe matundu kidogo chini ya katikati ya mbao, kwa sababu mpini wa koki unasimama juu na mfuniko una ukingo unaotokeza mbele.

Piga msasa, paka vanishi ya nje tabaka mbili, ndani na nje. Upande wa ndani una unyevu mwingi kuliko unavyodhania, na mbao isiyopakwa itaota ukungu mweusi kabla ya kegi ya pili kwisha. Vanishi ikikauka, bandika povu gumu la kuzuia joto, lile la mabamba, unene wa inchi 1, upande wote wa ndani. Watu huliruka hili kwa sababu halionekani. Mbao peke yake haizuii joto vya kutosha, na fremu iko mahali ambapo koki zako ziko.

Sasa mfuniko. Bawaba za friza ya kulala zina springi yenye nguvu, kwa sababu ndiyo inayoubeba mfuniko ukiufungua. Fungua mfuniko mpaka mwisho, pale springi imelegea, mtu mwingine aushike, ndipo ufungue skrubu za bawaba kwenye mwili. Bawaba ikichomoka springi ikiwa imebanwa, inaruka kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Kuna wanaofunga fremu kwenye mfuniko ili vyote viinuke pamoja na kegi isilazimike kupandishwa juu sana. Mimi siungi mkono. Springi zile zimepimwa kwa uzito wa mfuniko tu. Ukizidishia mbao na koki nne, mfuniko hausimami, unakurudia kichwani. Gandisha fremu kwenye mwili wa friza kwa silikoni, mstari mmoja mnene kuzunguka ukingo, iweke, ikandamize kwa uzito usiku kucha. Skrubu kwenye mwili hazihitajiki. Kisha funga bawaba kwenye mbao ya nyuma. Ndiyo, kegi iliyojaa ina uzito wa kilo 24 hivi na utaipitisha juu ya ukingo uliopanda inchi 7. Ita mtu mshikane.

Umeme

Friza imetengenezwa ifike nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo unahitaji kidhibiti joto cha nje, kile cha kuchomeka: chenyewe kinaingia kwenye soketi ya ukuta, friza inachomekwa kwake, na kina waya mrefu wenye sensa. Wapikaji wengi hapa wanatumia Inkbird ITC-308, na inafanya kazi. Hakuna waya wa kukata. Themostati ya friza yenyewe iache kwenye baridi kali ili isiingilie; anayewasha na kuzima ni kidhibiti.

Weka nyuzi 38 za Fahrenheit, yaani 3 na kitu za Selsiasi, na tofauti ya nyuzi 2 za Fahrenheit. Halafu tafuta mpangilio wa kuchelewesha kompresa uuweke dakika 5. Hili nalisisitiza kama fundi. Kompresa ikizimika, upande mmoja wa mabomba una presha kubwa na mwingine ndogo, na inachukua dakika kadhaa kulingana. Ukiiwasha kabla, mota inasukuma dhidi ya ukuta, inakwama, inachemka. Kompresa inayolazimishwa hivyo kila siku haidumu.

Sensa usiiache ikining'inia hewani. Ukifungua mfuniko tu, hewa inapanda joto na friza inawaka bila sababu. Ibandike ubavuni mwa kegi iliyojaa, katikati ya kimo chake, na juu yake bandika kipande cha povu ili isome kegi badala ya hewa. Kegi ikikaribia kwisha, ihamishie kwenye nyingine.

Mahali pa kuweka friza napo ni pa kuangaliwa. Joto linatokea kwenye kuta za nje, kwa hiyo acha inchi 4 kila upande. Wapo wanaoivalisha ubavu mzima mbao nzuri mpaka inafanana na kaunta ya baa. Inapendeza, lakini umeifunika blanketi mashine inayojaribu kutoa joto, na gereji ya Houston mwezi Agosti haihitaji msaada huo. Pendezesha fremu, kuta ziache.

Gesi na presha

Mtungi wa gesi ya kabonia wa ratili 5 unatosha kegi 6 au zaidi kidogo. Begani mwake kuna tarehe iliyogongwa. Mtungi hupimwa upya kila miaka 5, na ukileta uliopitwa na wakati hawakujazii. Ukae wima siku zote. Ukilala, gesi iliyo majimaji inaingia kwenye regulata, kile kifaa cha kushusha presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi, na kuiharibu.

Geji ya mtungi inawachanganya watu. Mtungi ukiwa kwenye joto la chumba, mshale uko karibu psi 850 (psi ni kipimo cha presha, ratili kwa kila inchi ya mraba). Ukiuingiza kwenye friza, unashuka hadi karibu 550, na mtu anadhani gesi inavuja. Haivuji. Ndani ni majimaji, na presha yake inafuata baridi. Vilevile mshale utakaa palepale mpaka majimaji yaishe, kisha utaporomoka ghafla. Ukitaka kujua gesi iliyobaki, weka mtungi kwenye mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa begani, kwenye herufi TW.

Kwenye kegi aina ya ball lock, zile ambazo viungio vyake hubanwa kwa gololi ndogo, kiungio cha kijivu ni cha gesi na cheusi ni cha bia. Oringi zote, zile pete za mpira za kuzuia mvujo, zipake mafuta mazito yanayofaa chakula. Kegi ikijaa bia, ipige psi 30 ili mfuniko wake ukae sawa, vuta pete ya kutolea presha mara kadhaa ili hewa ya juu itoke, kisha shusha hadi psi 12 uiache. Kwa nyuzi 38 na psi 12, baada ya wiki moja hadi mbili, kila lita ya bia itakuwa imebeba lita 2 na nusu hivi za gesi, na huo ndio mchemko wa kawaida wa bia. Kuna njia ya haraka ya kuiacha kwenye psi 30 siku nzima na zaidi. Inafanya kazi, lakini ni rahisi kupitiliza. Subira hapa inalipa.

Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Tundu dogo linaloonyesha viputo vidogo kama punje za ulezi litamaliza mtungi usiku mmoja. Na hili lina upande wa usalama: gesi ya kabonia ni nzito kuliko hewa, na friza ya kulala ni shimo. Ikivuja, inajaa humo ndani. Ukikuta mtungi umekwisha ghafla, fungua mfuniko na mlango wa gereji, ondoka, rudi baadaye. Usiinamishe kichwa humo kutafuta panapovuja.

Povu

Hapa ndipo watu wanapohangaika. Glasi ya kwanza inatoka povu tupu, ya pili nafuu, ya tatu nzuri. Wanakimbilia kupunguza presha. Ukiipunguza, bia inaanza kuachia gesi yake ndani ya mpira, povu linazidi, na baada ya siku chache bia imepooza.

Chanzo ni joto. Hewa baridi inakaa chini, na ndani ya fremu, pale juu, kuna joto la nyuzi kadhaa zaidi. Bia iliyolala kwenye mpira na kwenye shingo ya koki imepata uvuguvugu, na bia yenye uvuguvugu haiwezi kushika gesi. Dawa yake ni feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, upana wa milimita 120, ifungwe karibu na sakafu ya friza na ipulize kupanda juu kuelekea nyuma ya koki. Iache izunguke usiku na mchana. Ndani ya siku moja utaona tofauti. Waya wake upitishe kwenye tundu dogo la fremu pamoja na waya wa sensa, uzibe kwa silikoni.

Jambo la pili ni urefu wa mpira wa bia. Kipenyo cha ndani kiwe inchi 3/16, na urefu uanze na futi 12 kwa kila koki. Msuguano ndani ya mpira mwembamba ndio unaopunguza kasi, bia ikafika kwenye glasi imetulia. Ikitoka polepole mno, kata nusu futi, jaribu tena. Uzungushe juu ya kegi, usiuache umejikunja. Koki nunua za chuma cha pua, zile zinazofunga kwa mbele, ambazo haziachi bia ikikaukia kooni. Ni ghali kidogo, lakini koki ya shaba iliyopakwa kromu huchubuka na kuipa bia ladha ya chuma.

Ukifungua koki, ifungue yote kwa mpigo. Kuifungua nusu ni kutengeneza povu.

Unyevu na matunzo

Kila ukifungua mfuniko, hewa ya nje inaingia na maji yake, na kwa sisi wa ukanda wa Ghuba ya Meksiko maji hayo ni mengi. Yatakusanyika sakafuni. Weka kikopo cha kloridi ya kalsiamu, ile inayouzwa kukausha makabati, kimwage kikijaa. Kipanguse kidimbwi cha chini kila unapobadilisha kegi, au kutu itaanzia pale kegi zinapokalia.

Koki moja naiweka ya tangawizi, kwa ajili ya watoto na wageni wasiokunywa pombe. Soda inataka gesi zaidi ya bia, kwa hiyo ina regulata yake kwenye psi 25 hadi 30 na mpira wa futi 20 au zaidi. Oringi na mpira wa tangawizi usivitumie tena kwa bia, harufu haitoki. Wachaga wenzangu huniuliza kuhusu mbege. Mbege haifai humu. Ina chenga za ulezi na ndizi zinazoziba bomba la kegi, inaendelea kuchacha, na utamu wake ni wa kunywewa mbichi, siku yake ileile.

Osha mipira kwa dawa ya kusafishia njia za bia kila kegi inapokwisha, na hata isipokwisha, usipitishe wiki nyingi. Baa zinashauriwa kufanya hivyo kila wiki 2. Suuza mpaka maji yasiwe na utelezi kwenye vidole.

Kimbunga Beryl kilipopita hapa Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Likikupata hilo, funga mtungi, usifungue mfuniko. Kegi zilizojaa zinashika baridi muda mrefu, na hata zikipata joto, kegi hizi zimetengenezwa kuhimili presha kubwa kuliko itakayopanda. Umeme ukirudi, subiri siku nzima ipoe kabla ya kumimina. Ukiamua kuizima kwa muda mrefu, kwa mfano unasafiri kwenda nyumbani Krismasi, toa kegi, ikaushe, na usiuache mfuniko wazi kidogo tu ili ipitishe hewa. Friza tupu ni mahali ambapo mtoto anaweza kuingia akicheza na akashindwa kutoka. Fungua zile skrubu za bawaba, uondoe mfuniko kabisa, uuegemeze ukutani.